Meno Fifi

Jina lile nililishona mwenyewe. Nalisema mapema kwa sababu najua watu wanapenda kutafuta mkosaji, basi wasihangaike. Uzi mwekundu, mshono wa mnyororo, herufi nne kwenye mfuko wa mbele wa begi la shule la binti yangu: FIFI.

Mimi ni fundi cherehani hapa Somanda, Bariadi. Nashonea kibarazani, kwenye nyumba ninayopanga, na watoto wote wa mtaa wetu hupita hapo asubuhi wakienda shule. Mwaka ule binti yangu aliingia darasa la tatu. Nilikuwa nimemleta mjini kutoka Migato, alikolelewa na mama yangu tangu akiwa na mwaka mmoja mpaka alipomaliza darasa la pili. Alikuja na Kisukuma kimemjaa mdomoni, anawasalimia wateja wangu "mwangaluka", na wateja wa mjini wanacheka. Nilikuwa naogopa hatapata rafiki. Kumbe asubuhi moja nasikia watoto wanapita wanaita, "Fifi! Fifi, twende!" na yeye anatoka na begi lake. Nikafurahi. Nikasema huyu sasa ni wa mjini, ana jina kama la wasichana wa kwenye simu. Jioni nikatoa uzi mwekundu nikamshonea, iwe zawadi.

Alilibeba siku nne. Siku ya tano nikamwona amelipachika begi kinyume, mfuko wa mbele umelala mgongoni.

"Mbona umelivaa hivyo?"

Akakaza mikanda ya begi.

"Nani alikupa hilo jina? Si zuri?"

Akanijibu anatazama chini. "Ni la pamba, mama."

Kwetu pamba ikitoka shambani hukaa watu chini wakaichambua mafungu mawili. Ile nyeupe isiyo na doa inaitwa safi. Ile iliyonyeshewa, yenye madoa ya kahawia, iliyoguswa na wadudu, inaitwa fifi. Safi inafungwa vizuri, fifi inasukumwa pembeni na mguu. Mimi nimechambua pamba tangu sijajua kusoma. Vidole vyangu vinaitambua fifi gizani. Lakini siku ile nimeshika sindano, neno lile lilinipita kama sijawahi kulisikia, kwa sababu nilitaka liwe zuri.

Meno ya mbele ya binti yangu, yale makubwa mawili ya juu yanayoota baada ya meno ya utoto kung'oka, yalikuwa yametoka na michirizi myeupe kama chaki, na juu ya chaki madoa ya rangi ya chai kavu. Chini hivyo hivyo. Yangu pia. Nimesoma mpaka kidato cha nne nikicheka na kiganja mdomoni, na mwalimu wa Kiingereza akinifokea mbele ya darasa, "Toa mkono, tusikie!" Nilitoa nikasoma, na darasa zima likasikia na kuona.

Mama yangu yeye ana meno meupe mpaka leo. Mwanamke aliyezaa mara saba, meno kama ya mtoto. Siku zote alikuwa na jibu lake: "Sisi tulipiga mswaki wa mti. Nyie mmezoea plastiki, mnajipapasa tu." Nikamwamini. Nikaamini kwamba mimi ni mvivu wa mswaki, na sasa nimemrithisha mtoto wangu uvivu.

Haya. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili binti yangu apokee Komunyo ya kwanza. Gauni nilishaanza kulikata, nyeupe, mikono ya puto, lesi kifuani. Akatoka kwenye mafundisho siku moja amenyong'onyea. Katekista amewaonyesha namna ya kupokea: unasimama mbele ya padre, unafungua mdomo, unatoa ulimi.

"Nikifungua, padre ataona," akasema.

"Ataona nini?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Kiganja changu kile kile. Hapo ndipo nilipopangusa nyuzi za nguo mikononi, nikafunga cherehani, nikaenda dukani.

Duka ni la vipodozi, la dada mmoja mwenye kucha ndefu na maneno matamu. Sina ugomvi naye tena, ingawa nilikuwa nao. Alinitolea boksi lenye picha ya msichana aliyefungua mdomo mpaka magego, meno yanatoa nyota.

"Hii ndiyo dawa, shosti. Ya kung'arisha. Wiki mbili, unampoteza mtoto wako kwenye kundi, humjui."

"Hata kwa haya yangu?"

Akanichungulia mdomoni bila haya. "We yako sugu kidogo, lakini yatasalimu amri."

Tukacheka. Nikaondoka na boksi.

Sasa nataka msomaji alisikie hilo neno, maana ndilo lililonimaliza. Dawa. Sisi tunasema dawa ya meno. Ingekuwa inaitwa sabuni ya meno, nisingefanya nilichofanya. Sabuni unapaka, unasuuza, unaondoka. Dawa ni kitu kingine. Dawa ina dozi. Dawa ikikawia kufanya kazi unaongeza. Dawa ikiuma, ndiyo inaponya. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyompa mwanangu lile povu.

Asubuhi ya kwanza tuliamka kabla ya kengele ya shule, nyuma ya nyumba, pale kwenye beseni. Nikajaza mswaki kutoka mwanzo mpaka mwisho kama wanavyochora kwenye picha. Nikamsugua mimi mwenyewe. Tulipomaliza akasuuza, nikamwinua kidevu kwenye jua, na Mungu ni shahidi, meno yalikuwa meupe! Siyo sana, lakini yalikuwa na weupe fulani wa baridi, wa kuelekea buluu. Nikamkumbatia. Nikampiga picha. Akaenda shule anakimbia, na begi limevaliwa sawasawa, maana jina nilikuwa nimeshalifumua, limebaki na vitobo vya sindano tu.

Saa nane anarudi, meno ni yale yale.

Basi dozi haijatosha. Nikaongeza. Asubuhi, akirudi shule, na kabla ya kulala. Nilimlaza kichwa mapajani pangu nikasugua kama ninavyosugua kola ya shati la fundi gereji. Nikaona napoteza muda, nikaanza kumpaka nzito kwenye meno ya mbele na kumwambia asifunge mdomo, akae hivyo mpaka nimalize kushona mshono mmoja mrefu. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, mdomo wazi, mate yakimdondoka kwenye kanga niliyomfunga shingoni, ananitazama mguu wangu unavyokanyaga pedali. Hakuwahi kusema amechoka. Mteja mmoja akapita akanishauri nichanganye na limau na ile soda ya kuumulia maandazi. "Limau linakata kila kitu, hata kutu," akasema. Nikachanganya. Ikatoa povu inachemka yenyewe, nikasema, ona, hii ndiyo inafanya kazi.

Wiki ya tatu alianza kukataa maji ya mtungini asubuhi. Anayashika mdomoni, machozi yanamtoka, anayatema. Embe akawa analinyonya kwa pembeni, kwa magego. Nikimwita niangalie, naona karibu na ufizi pamekuwa na umanjano ambao haukuwepo. Unajua nilisema nini? Nilimwambia, "Uchafu unatoka. Vumilia."

Vumilia. Mtoto wa miaka tisa.

Siku nilipompeleka hospitali sikwenda kwa sababu anaumwa. Nisijipambe hapa. Nilikwenda kuomba dawa kali zaidi, kwa sababu Komunyo ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke, pengine rika langu, amefunga kilemba chini ya kofia yake ya kazi. Alimkalisha mtoto, akamulika, akampulizia hewa kidogo kwenye jino. Binti yangu aliruka kitini kama aliyeguswa na waya. Daktari akazima taa. Akanigeukia.

"Mama, unampigisha mswaki na nini?"

Nikatoa boksi kwenye mkoba kwa fahari, na kipande cha limau nikakitaja pia, na soda, na ule muda wa mshono mmoja mrefu. Nilimweleza kila kitu kama mwanafunzi aliyefanya kazi zake zote za nyumbani. Kadiri nilivyoeleza, uso wake ulikuwa unabadilika.

"Nani amekuambia hii ni dawa?"

"Si ndiyo dawa ya meno?"

"Soma hapo."

Boksi lote Kiingereza. Mimi Kiingereza cha kidato cha nne ninacho, kimechakaa lakini kipo. Nikasoma mbele, nikasoma ubavuni. Neno dawa halikuwemo popote.

"Ni sabuni," akasema. "Sabuni yenye mchanga laini sana ndani yake. Ule mchanga unakwangua madoa ya juu: ya chai, ya sigara, ya vyakula. Hapo inasaidia, na ukiitumia kwa kiasi, mtu mzima mwenye meno mazima, haina neno. Lakini ukikwangua kila saa na kwa nguvu, unakwangua na jino lenyewe. Jino lina gamba gumu la nje. Hilo ndilo jeupe. Chini yake kuna nyama ya jino, na hiyo ni ya njano. Sasa umekondesha gamba, njano inaonekana. Na baridi inaingia."

"Lakini siku ya kwanza yalikuwa meupe. Nina picha."

"Nyingine wanatia rangi ya buluu. Inadanganya macho kwa saa chache."

Bluu! Nilitaka kujipiga. Nani asiyeijua bluu? Tulisuuza nayo mashati ya shule, yale mashati yaliyogeuka njano kwa jasho, unatia bluu kidogo kwenye beseni na shati linaonekana jipya mpaka jua la saa tano. Halijawa jeupe. Ni njano iliyovaa bluu. Na mimi fundi, ninayejua kwamba kitambaa ukikisugua mno hakitakati, kinakonda mpaka unaona vidole vyako upande wa pili, nilimsugua mwanangu.

"Litaota tena?" nikamuuliza. "Hilo gamba."

"Haliotagi, mama. Kucha inaota, nywele zinaota. Gamba la jino likienda limeenda."

Akaniacha nimeze hilo. Halafu akaniambia, taratibu, "Fungua mdomo wako na wewe." Nikafungua. Miaka mingi sikuwa nimemfungulia mtu mdomo kwa hiari. Akamulika.

"Umekulia wapi?"

"Migato."

"Na mtoto?"

"Huko huko, kwa bibi yake."

"Maji ya kunywa?"

"Ya pampu. Safi. Meupe kabisa, na mama anayachemsha."

"Na bibi, meno yake yakoje?"

"Meupe."

"Yeye alikunywa nini utotoni?"

Nikafikiri. Kabla sijazaliwa pampu haikuwepo. Walikuwa wanachota kwenye lambo, pamoja na ng'ombe. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akisubiri jibu hilo tu.

Akanieleza kwamba maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi za kwetu yana madini, yanaitwa floraidi. Kidogo yanaimarisha jino. Mengi yanaliharibu, lakini siyo jino lililokwisha kuota. Yanaliharibu lile linaloumbika bado chini ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Jino linaota likiwa limeshapakwa madoa kwa ndani. Kulisugua ni sawa na kusugua kanga ili maua yatoke. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua wadudu, na haya siyo wadudu, maji yanapungua madini yanabaki.

"Kwa hiyo siyo uchafu," nikasema.

"Haijawahi kuwa uchafu. Si kwake, si kwako."

Nilipaswa kulia, nadhani. Sikulia. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mimi niliyetolewa kiganja mdomoni mbele ya darasa. Watu walikuja wakachimba, wakapiga picha na mama zetu wameshika mpini wa pampu, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kusema haya maji yana nini ndani. Na kama alirudi akasema, alisema ofisini, kwa karatasi, hakusema kwenye pampu. Watoto wanachota pale hata leo.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Migato, na mtoto katikati. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mama yangu nilimkuta uani anapepeta mtama. Akainuka akanisalimia mwanawe kwa Kisukuma, "Mwadila, ng'wanawane," nikamjibu kwa kukata. Binti yangu akamwendea akamkumbatia kiunoni. Nikaanza hapo hapo, sikungoja hata kukaribishwa kigoda. Maji yako. Pampu yako. Nyie wa lambo mna meno meupe, sisi wa pampu ya kahawia. Mswaki wako wa mti. Umenilea nikijiona mchafu, kumbe ni maji uliyonipa.

Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Halafu akaweka ungo chini.

"Umesema wenye lambo walikuwa na meno meupe."

"Ndiyo."

"Ni kweli. Kaka zako wawili walikuwa na meno meupe. Mmoja alikuwa nayo manne tu, hapa mbele." Akagusa midomo yake. "Walikunywa lambo. Walihara wiki moja, wakafuatana. Pampu ilipokuja wewe ulikuwa tumboni. Tangu siku hiyo sijazika mtoto."

Nilijua nina kaka waliotangulia. Sikuwa nimewahi kuuliza walikufa kwa nini. Kwetu hayo hayaulizwi, unajua tu kwamba mama amezaa saba na tuko watano.

"Ungenipa nichague tena," akasema, "meno ya kahawia na mtoto hai, ningewapeni hayo hayo. Lakini kama yupo aliyejua akanyamaza, mlete, nami nina maneno yangu na yeye." Akamwinua mjukuu wake kidevu. "Na wewe mayu mdogo, yanauma?"

"Yakipata baridi."

Mama yangu akanitazama. Maji yalipaka rangi. Kilichokwangua kilikuwa mkono wangu.

Akaingia ndani akapasha maji ya kunywa kwenye sufuria, yakawa vuguvugu, akampa kwa kikombe. Alikunywa yote bila kukunja uso. Wiki kadhaa nilimwona mtoto analia na maji, na wazo la kuyapasha moto halikunijia.

Siku ya Komunyo tulikwenda nyuma ya nyumba kama kawaida. Akasimama mbele ya beseni, akaniuliza, "Leo unanisugua?"

"Hapana. Piga mwenyewe."

Daktari alikuwa amempa mswaki laini na kuniambia atumie dawa, sabuni, sijui niiiteje sasa, ya kawaida, kiasi cha punje ya harage. Wakati mwingine, akiwa mkubwa, wanaweza kuyafunika meno yale kwa kitu kama saruji nyeupe. Wakati mwingine. Alipiga taratibu, akasuuza kwa maji vuguvugu, akavaa gauni.

Kanisani nilikaa benchi la tatu. Ilipofika zamu yake nilimwona kisogoni tu, shela na ua la karatasi. Kichwa kikainuka. Kama mdomo aliufungua sana au kidogo, sijui. Padre hakusita.

Nje kulikuwa na mpiga picha, kijana wa mjini mwenye kamera kubwa na maneno matamu mdomoni. "Malaika wangu, cheka! Cheka kwa bibi!" Mama yangu alikuwa amekuja na kitenge chake kipya, amesimama pembeni na meno yake meupe. Binti yangu akacheka, kidogo. Kijana akatazama kwenye kioo cha kamera, akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini, ya kiungwana:

"Usijali mama, hayo meno nitayang'arisha kwenye kompyuta. Dakika moja tu."

Nilifungua mdomo nimwambie neno ambalo lisingefaa mbele ya kanisa. Sikuwahi. Binti yangu alikuwa amesikia. Kiganja kilikuwa kimesharudi mdomoni, na kutoka nyuma ya kiganja alimwambia, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba maji:

"Usiyasugue, kaka. Yanauma."

Kijana akacheka, akadhani ni utani wa mtoto. Mama yangu hakucheka. Mimi nikapiga magoti pale kwenye vumbi na nguo yangu ya kanisani, nikamwahidi kwamba hakuna atakayeyagusa. Hakuniamini mara moja. Alinitazama mikono kwanza.